Taa za kuhesabiwa: shajara ya mradi wa Krismasi, Moshi mpaka Kibosho

Septemba, mwishoni

Mradi wa mwaka huu uko hivi. Pale nyumbani kwa Bibi Kibosho kuna stoo ya zamani ya kahawa, ukuta wake unatazamana na baraza anapokaa Bibi jioni. Ukuta ule nauwekea mlima wa taa, Kibo kushoto na Mawenzi kulia kama tunavyouona sisi wa huku kusini, chini yake basi la kutoka Dar, barabara inayopanda, na nyumba saba, moja kwa kila mtoto wa Bibi. Mtu akifika anabonyeza swichi ya familia yao, magurudumu ya basi yanaanza kuzunguka, taa inapanda barabara kituo kwa kituo mpaka kwenye nyumba yao, dirisha moja linawaka na linabaki linawaka mpaka watu watawanyike Januari.

Nchi nzima wanatuambia Wachaga kila Desemba tukirudi nyumbani tunaenda kuhesabiwa. Sasa mi nataka tuhesabiwe kweli, kwa taa, Bibi awe amekaa kwenye kiti chake anaona nani kafika na nyumba gani bado haijatimia. Taa za kuwaka na kuzima tu zipo kila duka hapa mjini Desemba ikifika, zinapendeza, ila hazisemi kitu. Hizi zikitembea ziwe zinatembea kwa sababu kuna mtu kafika.

Vifaa: balbu ni zile ndogo za WS2811 za volti 5, kichwa cha mm 12, zinakuja kwenye mkanda wa balbu 50, na kila balbu ina chipu yake ndani kwahiyo unaipangia kila moja rangi yake kivyake. Nimechukua mikanda minane, mzigo umetumwa kwa basi kutoka Kariakoo nikaupokea stendi. Ubongo ni ESP32, kompyuta ndogo ya chipu moja, programu naandika mwenyewe kwa Arduino nikitumia maktaba ya FastLED. WLED, programu ya taa iliyokwisha andikwa, ninayo pia, ni ya bure na kwa mtu anayeanza naipendekeza kwa moyo wote, hapa naitumia kupima mikanda tu maana hiyo hesabu ya watu inabidi niiandike mwenyewe.

Oktoba, wiki ya kwanza

Mgawanyo umekaa hivi: mlima balbu 150, basi 90 (humo magurudumu mawili ya balbu 12 kila moja), barabara 60, nyumba saba za balbu 10 kila moja, na mwenge juu ya Kibo balbu 10. Jumla 380, zinabaki 20 za spea.

Nilitaka kwanza nijue kama laini moja ya data, yaani waya unaopeleka amri za rangi balbu hadi balbu, itatosha au nigawe. Kila balbu inahitaji biti 24, data inakimbia biti 800,000 kwa sekunde, kwahiyo balbu moja inakula maikrosekunde 30, zote 380 ni milisekunde 11 na pointi. Mi nataka picha 40 kwa sekunde, yaani milisekunde 25 kwa kila picha. Inatosha na nafasi inabaki. Laini moja, waya mmoja, kazi imepungua sana hapo.

Mbao: plaiwudi ya mm 4, imekatwa vipande ili ipande kwenye kirikuu, imepigwa rangi nyeusi ya mafuta mbele na nyuma, na kwenye kingo nimerudia mara tatu maana maji huingilia ubavuni. Mchoro wa mlima nimeupata kwa picha niliyopiga asubuhi kabla mawingu hayajashuka, nikairusha ukutani kwa projekta ya kuazima, dogo akafuatisha kwa chaki. Fremu ya flatibaa kachomelea fundi wa Majengo. Matundu ya mm 12 yanatakiwa yabane kiasi, balbu unaisukuma kwa kidole gumba mpaka usikie inaingia, ikilegea upepo utaitoa.

Oktoba, katikati: magurudumu

Hapa nimekaa sana na sijutii, maana hapa ndo taa inageuka kuwa kitu kinachotembea.

Gurudumu lina balbu 12 kwenye duara, hakuna kinachozunguka pale, ni jicho la mtu ndo linazungusha. Ukiwasha balbu moja ukaruka moja, af ukabadilisha, zilizowaka zizime na zilizozima ziwake, unaona mchezo wa taa ila huwezi kujua gurudumu linaenda mbele au linarudi nyuma. Sababu yake ni nyepesi: kutoka balbu iliyozima sasa hivi, balbu mpya iko hatua moja mbele na nyingine iko hatua moja nyuma, umbali ni ule ule, jicho halina pa kuegemea. Ukigawa makundi matatu mambo yanabadilika kabisa. Zinawaka balbu nne, kati ya kila moja na mwenzake kuna mbili zimezima, ukisogeza hatua moja, balbu mpya iko hatua moja mbele lakini kwa kurudi nyuma ingekuwa hatua mbili, na jicho siku zote linachukua njia fupi. Basi linaenda mbele. Nilimwita dogo nikamwonyesha ya makundi mawili nikamuuliza linaenda wapi, akasema linatetemeka. Nikamwonyesha ya makundi matatu, kabla sijauliza akasema linakwenda Moshi.

Jambo la pili ni kufifia. Balbu ikizimwa ghafla unaona nukta nukta zinaruka. Ukiiacha ififie kwa picha tatu nne wakati ya mbele yake inapanda, zile nukta zinashikana zinakuwa mwendo mmoja. Na hapo lazima urekebishe mwanga kwa namna jicho linavyouona, maana ukipunguza namba ya mwanga kutoka 255 mpaka 128 mtu haoni nusu, anaona bado inawaka sana, af mwishoni inazima kwa kishindo. FastLED inakuruhusu kuweka gama, ndo namba ya marekebisho hayo, nimeweka 2.5 na sasa inafifia vizuri mpaka mwisho.

Mwendo wenyewe: basi linapoanza, kila hatua ni milisekunde 250, linakaza kidogo kidogo mpaka 80. Likikaribia kusimama linarudi polepole. Basi lililojaa watu na mizigo ya sikukuu haliondoki kwa kuruka.

Nilikuwa nasoma habari za taa za kwanza kabisa za umeme kwenye mti wa Krismasi, kumbe zilikuwa za kutembea tangu siku ya kwanza. Edward Johnson, aliyekuwa mshirika wa Edison, mwaka 1882 kule New York aliweka balbu 80 nyekundu, nyeupe na bluu kwenye mti unaozunguka wenyewe. Yaani kabla hata umeme haujafika kwenye nyumba za watu wengi, mtu alishaona taa iliyosimama tu haitoshi.

Oktoba, mwishoni: umeme

Anayetaka kujenga kitu hiki asome sehemu hii mara mbili.

Balbu moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inavuta karibu miliampea 60. Mara 380 ni karibu ampea 23 kwenye volti 5, sawa na wati 114. Wati 114 si nyingi, pasi ya nguo ni mara kumi yake, lakini ampea 23 kwenye volti 5 ni kitu kingine, maana kwenye volti ndogo kila waya mwembamba unakuibia. Mfano, kutoka kwenye pawa saplai mpaka Mawenzi ni mita 5, kwenda na kurudi mita 10. Ukitumia waya wa mm 0.5 ukapitisha ampea 3, unapoteza zaidi ya volti 1 njiani, kati ya volti 5 ulizonazo. Waya ule ule ukiwa wa mm 2.5 unapoteza kama volti 0.2 tu.

Na utajua umeibiwa kwa rangi. Unaweka nyeupe, mwanzo wa mkanda ni mweupe, katikati unakuwa wa njano, mwishoni ni mwekundu. Kijani na bluu zinahitaji karibu volti 3 ndo ziwake, nyekundu inaridhika na 2, kwahiyo volti zikishuka bluu inaanguka kwanza, nyekundu inabaki peke yake. Ukiona hivyo usiitupe balbu, peleka umeme. Mi nimevuta waya wa mm 2.5 nikaingiza umeme kila baada ya balbu 50, kila njia na fyuzi yake, na negativu zote pamoja na ya ESP32 zimeunganishwa, hilo ni lazima, data haisafiri kama negativu hazijakutana.

ESP32 inatoa data ya volti 3.3 wakati balbu zinataka karibu 3.5 na kuendelea. Mezani inafanya kazi, nje kwenye baridi na waya mrefu inaanza kupepesa. Chipu ya 74HCT125 inapandisha mpaka 5, ni bei ndogo, iweke tu usibahatishe. Baada yake rezista ya om 330 kabla ya balbu ya kwanza.

Kisha programu yenyewe nimeifunga isivute zaidi ya ampea 8 hata nikiiambia iwashe kila kitu. Hii nimeifanya kwa ajili ya Baba mkubwa maana yeye ndo ananunua LUKU pale nyumbani, na swali lake la kwanza lilikuwa itakula uniti ngapi, swali la haki kabisa. Ampea 8 kwa volti 5 ni wati 40, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 6 usiku ni karibu robo uniti. Nilimwandikia kwenye karatasi akaikunja akaweka mfukoni. Na kusema kweli ampea 8 ni nyingi, kule juu giza ni giza la migomba, mwanga wa asilimia 20 unatosha mno.

Novemba, mwanzoni: barabara na kumbukumbu

Barabara ina balbu 60 na nimeipa vituo: Chalinze, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo, Moshi, af inakunja kupanda Kibosho. Majina dogo kayaandika kwa brashi kwenye vibao vidogo. Taa ya basi ni balbu mbili nyeupe mbele na moja nyekundu iliyofifia nyuma. Korogwe inasimama kidogo, abiria wanakula na kuchimba dawa, af inaendelea. Kutoka Moshi kwenda juu inapungua mwendo, kila balbu inachukua muda mara mbili ya kule tambarare. Mtu yeyote aliyewahi kupanda ile barabara akiangalia anaelewa bila kuelezwa.

Safari nzima ni sekunde 40. Mama mdogo alisema ni ndefu, nikamjibu Mama mdogo, mtu ametoka Dar alfajiri, sekunde 40 ni heshima tu.

Ila wazo kubwa lililobadilisha mradi ni lake yeye. Aliuliza, hawa watoto si watabonyeza swichi mpaka nyumba zote zijae kabla hata mtu hajashuka kwenye gari? Akasema basi mwenye kuhesabu awe Bibi. Kwahiyo sasa iko hivi: unabonyeza, basi linasafiri, linafika, dirisha lako linapepesa rangi ya chungwa, na linaendelea kupepesa mpaka Bibi abonyeze swichi yake pale kwenye mkono wa kiti. Akibonyeza ndo dirisha linatulia kwenye njano. Usipokwenda kumsalimia haujafika. Asipobonyeza ndani ya dakika 10 linazima lenyewe. Nyumba ikijaa watu wake wote, mstari wa paa nao unawaka.

Kwenye programu vitu viwili vinafaa kusemwa. Swichi za kubonyeza, nimetumia zile za kengele ya mlangoni, ukibonyeza mara moja chuma kinagusa mara kadhaa ndani ya milisekunde chache, kwahiyo programu inasubiri milisekunde 50 ndo inaamini. Na pini za ESP32 kuanzia 34 mpaka 39 hazina ndani yake rezista ya kupandisha, ile inayoshika volti juu swichi isipobonyezwa, ukizitumia kwa swichi weka ya kilo-om 10 ya nje. Kitu cha pili ni umeme kukatika. Hesabu isipotunzwa, umeme ukirudi nyumba zote ziko tupu na Bibi anaanza upya, haiwezekani. Kwahiyo kila Bibi akibonyeza, hesabu inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chipu. Nimejaribu kwa kuchomoa waya katikati ya safari: inaporudi, waliofika wote wanawaka, aliyekuwa njiani anaanzia Chalinze.

Novemba, mwishoni: vuli

Mvua za vuli zimekolea, mbao ziko nje uani kwangu Pasua kwa makusudi, acha zipate mvua huku mjini kabla hazijapata ya kule juu. Balbu zenyewe zimefunikwa gundi ngumu hazina shida. Pa kuangalia ni maungio. Nalehemu, naweka mpira wa kusinyaa, na silikoni juu yake. Boksi la pawa saplai linakaa chini ya kipenu, nyaya zote zinaingilia chini ya boksi, na kila waya unashuka kwanza chini ya kiwango cha tundu af ndo unapanda kuingia, ili tone la maji lidondoke pale kwenye kona lisifuate waya mpaka ndani. Upande wa volti 230 una breka yake na erth. Hapo siongezi neno, kama huna uzoefu na 230 mwite fundi umeme.

Juzi baada ya mvua wametoka kumbikumbi, wakaja wote kwenye theluji ya Kibo, ukuta mzima unatembea. Watoto wa jirani wamefurahi wamejaza beseni. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga wenye bluu nyingi, nyeupe kali ndo yenyewe. Nimeongeza utaratibu: usiku wa kumbikumbi unabonyeza swichi ya Bibi kwa sekunde tano, mlima wote unahama kwenda rangi ya chungwa kama jua la jioni. Walipungua sana. Na mlima wa rangi hiyo umenipendeza, sasa kila siku unaanza hivyo saa 12 jioni af unakuwa mweupe polepole giza linapoingia.

9 Desemba

Tumefunga taa ukutani leo, sikukuu ya Uhuru, watu wako nyumbani wa kusaidia kubeba. Kirikuu imepanda na vipande vyote, fremu imeshikwa na boliti kwenye ukuta, hadi saa 10 jioni nyaya zote zimeshaunganishwa.

Siku hii niliichagua kwa ajili ya mwenge. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge pale juu, kwenye mita 5,895, na leo zile balbu 10 za kileleni zimewaka kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Moto wenyewe ni namba za kubahatisha, kila balbu inapanda na kushuka kivyake kati ya nyekundu na njano, chini inakuwa na joto zaidi, juu inafifia. Baba mkubwa kakumbushia alivyosimuliwa na baba yake usiku ule, tukakaa kimya kumsikiliza mpaka amalize, af ndo nikawasha mlima.

Bibi kauliza swichi yake iko wapi. Nimeifunga kwenye mkono wa kiti, waya umepita chini ya mkeka.

Majirani wamekuja, mmoja kauliza kwanini hakuna muziki kama zile za Marekani. Namwelewa, Carson Williams wa Ohio mwaka 2004 alifunga taa za nyumba yake zikafuata muziki, video ikazunguka dunia, na yeye sauti aliirusha kwa redio ili majirani walale. Huku kurusha masafa ya FM bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapana, na spika kubwa pale uani zingemzuia Bibi kusikia watu wanaomsalimia. Kwahiyo hakuna muziki.

24 Desemba

Tangu tarehe 20 basi letu halijapumzika. Wamekuja wa Dar, wa Dodoma, wa Mwanza. Kuna familia imefika saa 7 usiku, taa zilishazima, watoto wamekataa kulala mpaka wahesabiwe, Bibi kaamka kavaa khanga katoka barazani kabonyeza, mmoja mmoja, akitaja jina. Hilo la kutaja majina hakuna aliyempangia.

Umeme umekatika mara kadhaa, hesabu haijapotea hata mara moja. Mkanda wa tatu balbu moja imekufa na zilizofuata zote zikazima, ndo tabia ya laini moja, nimekata nikaunga ya spea tukiwa tunakula machalari, ngazi imeshikwa na dogo.

Jana Bibi aliniita akaniuliza kuhusu dirisha la mjukuu wake ambaye ni nesi, yuko zamu mpaka Mwaka Mpya. Na yule aliyeko Omani. Akasema hawa wamepiga simu, nimeongea nao, kwanini wawe giza. Nimekaa na laptopu usiku: Bibi akibonyeza mara mbili haraka wakati basi linasafiri, dirisha linawaka bluu badala ya njano, maana yake amepiga simu. Sasa nyumba sita kati ya saba zina mstari wa paa.

27 Desemba

Mjomba aliyefanya kazi reli kaleta hoja rasmi mbele ya watu wote: treni ya Dar kuja Moshi ilirudi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, yeye mwenyewe kaja nayo mwaka huu, kwanini ahesabiwe kama abiria wa basi? Hoja imekubaliwa. Mwaka kesho upande wa kushoto wa basi panaingia kichwa cha treni cha zamani cha mvuke, maana anataka ule mkono wa chuma unaosukuma magurudumu uonekane. Nimeshaanza kuuchora: mkono ule haujizungushi, unapanda, unakwenda mbele, unashuka na kurudi nyuma ukiwa umelala vilevile, kwahiyo nahitaji mistari minne ya balbu, kila mmoja sehemu yake, inayowaka kwa zamu pamoja na gurudumu. Na reli yake ipite Korogwe na Same kwa balbu zake yenyewe. Mikanda miwili ya ziada itatosha, na pawa saplai ina nafasi. Tarehe 3 Januari tunashusha mbao, kila kipande kinaandikwa namba nyuma kwa chaki ya mafuta kabla boliti haijafunguliwa, vinalala stoo hiyo hiyo ya kahawa juu ya matofali.